Homa Niliyoificha kwenye Saumu

Mwaka ule nilisifiwa sana kwa kufunga. Nimesifiwa kwa mambo mengine maishani, kushona, kukaanga mandazi, hata kuongea, lakini hakuna sifa iliyonichoma kama ile. Kaka yangu ndiye aliyeianzisha. Alikuwa na lori lililobeba samaki wa chumvi na pamba kati ya Kasese na Bwera, na jioni za Ramadhani wasafirishaji wenzake walisimama kufuturu kwetu Kinyamaseke, kwa sababu nyumba ilikuwa kando ya barabara na uji wa wifi yangu, mke wa kaka, ulijulikana mpaka mpakani. Kaka aliwaambia huku akinyoosha kidole kuelekea jikoni, nilikokuwa nimekaa: "Mumwone dada yangu huyu. Tangu mwezi uandame hajala hata siku moja. Vijana wenu wakikohoa kidogo tu wanatafuta chai."

Wanaume walicheka, wakaniombea dua. Wanawake waliokuja nao hawakusema kitu. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa hivi, na kwa ujinga wangu nilidhani wananionea wivu.

Mwanamke yeyote Mwislamu anajua nilichokuwa nimekisahau. Msichana mzima wa umri ule, asiye na mimba, hamalizi Ramadhani bila kula siku hata moja. Siku zake zikija huacha kufunga na kuswali, kisha zile za saumu huzilipa baadaye. Kwetu jambo hilo halikutajwa mbele ya wanaume, lakini lilikuwa na utaratibu wake. Wifi aliacha kisufuria cha uji nyuma ya jiko, kimefunikwa kwa sahani, na aliyekuwa kwenye siku zake alijua pa kwenda. Ukishakunywa unaosha kisufuria, basi, hakuna aliyekuuliza. Mwezi ule sikukigusa kile kisufuria, na nilijiona mjanja.

Kumbe nilikuwa natoka damu tangu kabla mwezi haujaandama.

Kabla ya hapo kaka alikuwa amenipeleka Kasese kwa shangazi nikajifunze cherehani. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Shangazi aliuza chapati karibu na kambi ya polisi, na mle kambini mlikuwa na watu wa kila pembe ya Uganda, wake wa askari wakianika nguo kwenye waya mmoja na kugombana kila mmoja kwa lugha ya kwao. Huko nikajuana na askari mmoja kijana wa kaskazini. Alikuwa mpole, buti zake zinang'aa, akaniita fundi kabla sijaweza hata kushona pindo likanyooka. Sitamlaumu kupita haki yake. Alihamishwa kabla mimi mwenyewe sijajua kwamba nina mimba, na wakubwa wa polisi hawamwambii msichana wa chapati wamempeleka wapi askari wake.

Wakati huohuo kaka alikuwa ameshapokea posa yangu. Walikuwa watu wa heshima wa Kasese, wenye malori kama yeye, na harusi ilipangwa baada ya Idi. Nikarudi Kinyamaseke sina wa kumwambia. Wifi nilimwogopa. Alikuwa Mkonzo wa milima ya Bwera aliyesilimu alipoolewa, mwanamke mfupi, maneno machache, macho yasiyopitwa na kitu. Chumvi aliipima kwa jicho tu, na nilihisi hata watu anawapima vivyo hivyo.

Nikaaga kwamba nakwenda Kongo kununua vitenge. Ilikuwa safari ya kawaida, wanawake wa kwetu walivuka mpaka pale Bwera kila siku ya soko, na hakuna aliyenishangaa. Huko ng'ambo nilimwendea mama mmoja mtoa mimba, na aliyonifanyia sitayaandika. Nitaandika alichoniambia wakati najifunga kanga ili niondoke.

"Usiogope, mutoto yangu," alisema. "Damu itatoka. Iko kawaida, mambo ya bibi iko vile."

Damu ni kawaida. Nililishika neno lile nikaenda nalo. Hakuniambia damu kiasi gani si kawaida tena, wala mimi sikumuuliza, kwa sababu kuuliza kulikuwa na maana ya kukaa mle ndani kidogo zaidi, na nilitaka kutoka. Vitenge nilinunua kweli, vya bei rahisi, nikarudi navyo begani. Wifi alivipapasa akasema rangi yake itachuja. Na kweli ilichuja.

Mwezi ukaandama damu bado inatoka, si nyingi, lakini haikatiki. Ningeweza kusema niko kwenye siku zangu, nikanywa uji nyuma ya jiko kama wenzangu. Lakini ningeunywa mpaka lini? Damu ile ilikuwa imeshapita muda wa siku za mtu yeyote, na nilijua macho ya wifi yangefanya hesabu. Nikaona heri nifunge, maana aliyefunga haulizwi. Nikafunga, nikaswali, nikaenda msikitini kusimama nyuma ya pazia na wanawake wa mtaa, sina twahara, namwomba Mungu asinitazame. Ukitaka kujua aibu ni nini, kasujudu huku unajua kwamba hata hiyo sijida yako ni uongo.

Na saumu ilinisitiri vizuri ajabu. Midomo ikinikauka, watu walisema ni saumu. Nikisimama ghafla nikaona giza, ni saumu. Viganja vilipauka, moyo ukawa unanienda mbio nikibeba ndoo nusu tu, na hayo nayo yakaitwa saumu. Mwili ulikuwa unanipigia kelele, na kila kelele tuliipa jina la ibada. Mchana kutwa sikutia hata tone la maji mdomoni. Nikifikiria sasa jinsi nilivyojinyima maji nikiwa napoteza damu, nakasirika peke yangu, halafu naona aibu ya kukasirika, maana ni nani aliyenilazimisha?

Katikati ya mwezi damu ikapungua. Nikashukuru, nikajiambia yule mama alisema kweli. Kisha ikarudi. Safari hii ilikuja na mabonge, na kitambaa nilichozoea kubadili asubuhi na jioni kikawa hakifiki popote, nikitoka bafuni baada ya kitambo kidogo narudi tena. Nilivifua mwenyewe, nikavianika nimevifunika kwa kanga ili vionekane kama nguo moja. Ikaanza na harufu. Sijui niieleze vipi, lakini haikuwa harufu ya damu ya siku zetu, ilikuwa ya kitu kilichooza. Niliifukiza udi. Ramadhani nyumba zote zinanukia udi, kwa hiyo hilo nalo likanifaa. Chini ya kitovu kukawa na maumivu yasiyokuja na kwenda, yamekaa tu, na nikigeuka kitandani yananiambia nisigeuke.

Halafu ikaja homa. Kwetu pale bondeni, mbu wa ziwani hawana likizo, na homa ilikuwa na jina moja tu. Mtoto akichemka ni malaria, mzee akitetemeka ni malaria, bibi harusi akilia ovyo, kampimeni malaria. Kaka aliniletea vidonge vya klorokwini kutoka Kasese. Nilivimeza baada ya futari, vikaniwasha mwili mzima, nikajikuna mpaka nikacheka. Homa ilishuka kidogo, ikapanda tena, na ilipopanda nilitetemeka mpaka kitanda kikalia.

"Malaria ya safari hii ni kaidi," kaka alisema. "Lakini hata hivyo hali. Mumwone!"

Nilikubali kwamba ni malaria. Niseme kweli, nilifurahi. Nilikuwa nimepata ugonjwa wenye jina safi. Ningekufa kwa malaria watu wangenilia vizuri, wangesema amekufa akiwa amefunga, na kaka angelisema hilo kwa miaka mingi barabarani. Nilikuwa nimefika mahali ambapo kufa hakukunitisha kama kujulikana. Ndivyo aibu ilivyonifanya, na ninaiandika hapa kwa sababu najua sikuwa peke yangu.

Siku moja tuliswali adhuhuri sebuleni, wifi na mimi, kaka akiwa nje anakagua magurudumu ya lori. Nilirukuu, nikaweza. Nilipotaka kusujudu tumbo lilikataa. Nikabaki nimepiga magoti, mikono imeshika mkeka, jasho linanitiririka na meno yanagongana kwa baridi katikati ya jua la Kinyamaseke. Wifi hakukatisha swala yake. Alimaliza, akatoa salamu kulia na kushoto, kisha akanigeukia.

"Wifi, niangalie," alisema.

"Niko sawa. Ni malaria."

"Malaria mimi najua. Siku zako ilikuja lini?"

 Nilijifanya nakunja mkeka huku bado nimeukalia.

"Mimi nauliza juu ya uji yangu," alisema. "Mwezi yote wewe hukunywa. Mabibi ya wale watu ya malori inaniuliza, huyu msichana yenu ni malaika? Mimi nikasema hapana, pengine iko na mimba." Akanishika kidevu. "Iko na mimba?"

"Sina."

 Alinisogelea, akavuta pumzi, na nikaona usoni mwake kwamba udi haukumdanganya. Aliiinua kanga yangu kidogo, akatazama, akairudisha. Kisha akanibonyeza chini ya kitovu kwa vidole, nikamsukuma mkono kwa nguvu zangu zote. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao.

"Ilikuwako," alisema.

Hakuniuliza, alisema tu, na mimi sikumkatalia. Nilianza kulia, na kulia kulinitonesha tumbo, nikajizuia. Kile nilichodhani kitanificha ndicho kilichonitoa hadharani. Kama ningekunywa uji wake siku chache tu, asingeniwazia kitu. Nilikuwa nimefunga kupita kiasi cha mwanamke.

Nikamshika miguu. "Wifi, nakuomba, usimwambie kaka. Nikande maji ya moto tu, kama mnavyowakanda wanawake waliojifungua. Itaisha."

"Maji ya moto, hapana," alisema. "Ile dada yangu mdogo tulimkanda maji ya moto. Tukasema ni malaria."

Sikujua kwamba alikuwa na mdogo wake. Nilimuuliza yuko wapi siku hizi. Alikuwa ameshaanza kutafuta viatu vyangu.

Nilimsikia nje akimwambia kaka awashe gari, tunakwenda hospitali Bwera. Kaka akasema anangoja mzigo wa samaki upakiwe, tutakwenda wote jua likipungua, malaria haimshindi mtu kwa saa chache. "Mzigo itabaki," wifi alimjibu. Nilimfahamu kaka, hakuzoea kuamrishwa mbele ya vijana wake wa kupakia, lakini kuna kitu alikiona kwa mkewe akawasha gari. Wakaniingiza mbele, katikati yao, wifi akanikalisha juu ya kanga zilizokunjwa ili kiti kisiharibike. Hata hapo niliwaza kuhusu kiti. Niliwaza kaka ataona nini nikishuka.

Miaka ile barabara zilikuwa na vizuizi vya askari. Kabla ya kufika Bwera tulikuta gogo limelazwa juu ya mapipa, na askari mmoja mwenye macho mekundu akaja mpaka dirishani.

"Simama! Zima gari! Shuka!"

"Afande, tuna mgonjwa," kaka alisema.

"Mgonjwa ya nini?"

"Malaria, afande."

"Malaria? Kila mutu hapa iko na malaria. Hata mimi iko na malaria. Nyinyi nabeba kahawa ya magendo, napeleka Kongo, nasema malaria. Shuka chini! Mikono juu ya kichwa! Gari itapekuliwa yote."

Kaka akashuka, akasimama mbele ya lori mikono kichwani. Vijana wa kizuizini wakaanza kufungua turubai polepole, kama watu ambao siku nzima ni yao. Nilihisi joto likinishuka mapajani, kanga zinalowa, na masikio yangu yakaanza kuvuma. Nadhani niliegemea, kwa sababu wifi alinishika kichwa kwa mkono mmoja. Kisha akatoa kichwa chake dirishani na kusema kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo tena:

"Afande, hii hapana malaria. Huyu msichana ilitoa mimba. Imeoza ndani, damu inaisha. Ikikufa, itakufa hapa mbele yako."

Nilimwona kaka kupitia kioo cha mbele. Hakugeuka. Mikono yake ilikuwa kichwani kwa amri ya askari, na baada ya maneno yale ikabaki palepale, hata askari alipomwambia aishushe. Kwetu mtu hujishika kichwa namna ile msibani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na lori, na wifi, na kizuizi chote.

"Wewe ndiyo bwana yake?" askari alimuuliza.

"Ni dada yangu," kaka alijibu.

Yule askari alitazama chini, akakohoa, akawageukia vijana wake kwa ukali. "Toa mti! Funga hiyo turubai! Pita, haraka!"

 Kaka aliendesha lile lori kwa kasi ambayo angemfukuza dereva wake kwa nusu yake tu, lakini kila penye shimo alipunguza, akalivuka taratibu, kisha akakimbia tena. Nilijua anakumbuka. Nilijua anazipitia zile jioni zote alizonisifu mbele ya wenzake, na wanawake wao wakanyamaza, na kwamba sasa ameelewa kwa nini walinyamaza. Ningeweza kuvumilia kofi. Yale mashimo aliyoyapunguzia mwendo yalinishinda.

Hospitalini tulipokewa na sista mrefu, mtu wa mashariki, mwenye Kiswahili cha kuungaunga lakini cha upole. Alinitazama kucha na ndani ya kope, akanipima homa, akambonyeza wifi begani ili asogee, kisha akainama sikioni mwangu.

"Mimba ilitoka yenyewe au ulitoa?"

Nilitazama ukuta.

"Dada, mimi si polisi," alisema. "Jina la mtu sitaki. Dawa ni ileile, kama ilitoka yenyewe au ulitoa. Lakini nikijua nitakimbia. Kama sijui, nitakupa dawa ya malaria kama hao wengine, na wewe utakwisha."

"Nilitoa," nilisema. Ndiyo mara ya kwanza nilipolisema neno hilo kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Na hii midomo kavu?"

"Nimefunga."

Nadhani hakujua acheke au anipige. "Basi saumu yako imeishia hapa," alisema, akanichoma sindano ya maji ya dripu.

Damu ilihitajika. Damu ya wifi haikulingana na yangu, ya kaka ililingana. Kitanda changu kilikuwa karibu na mlango, na mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo niliona na kusikia yote. Sista alimuuliza kaka amekula saa ngapi. Kaka akasema amefunga. Sista akasema hamtoi damu mtu ambaye hajatia kitu mdomoni tangu alfajiri kwenye jua kama lile, akianguka atakuwa na wagonjwa wawili. Akamwonyesha chumba cha nyuma, akamwambia anywe chai huko, hakuna atakayemwona.

Kaka alipita kile chumba, akatoka mpaka barazani. Labda hakutaka kujificha, labda kujificha kulikuwa kumemchosha kwa siku moja. Pale nje, kwenye kivuli cha paa, walikuwa wamekaa wabadilisha fedha na wafanyabiashara wa Bwera, Waislamu wenzake, baadhi yao walikuwa wamefuturu kwetu juzijuzi. Alinunua soda na mkate kwa mama aliyekuwa akiuza kwenye kikapu. Akafungua chupa kwa meno, akanywa amesimama, mchana kweupe wa Ramadhani, mbele yao wote.

"Mzee, kulikoni?" mmoja alimuuliza. "Mwezi huu mtukufu?"

Angeweza kusema ana mgonjwa. Dini ingemruhusu, na wao wangemuelewa. Lakini desturi yetu ukisema una mgonjwa watu husimama wote waingie kumjulia hali, na wakifika kitandani huuliza anaumwa nini. Kaka alilijua hilo vizuri kuliko mimi.

"Leo nimeshindwa," alisema, akaumega mkate.

Kisha akaingia, akakunja mkono wa shati, akalala kwenye benchi. Hakunitazama, na mimi nilifumba macho kabla hajageuka.

Daktari alinisafisha kizazi siku ileile. Nikachomwa sindano za penisilini mpaka nikawa silalii upande wowote. Homa iliyokuwa kaidi kwa klorokwini ilishuka, ikakaa chini. Wifi alilala sakafuni kando ya kitanda changu, akanipa uji kwa kijiko, na wala hakuwahi kunikumbusha kwamba ndio uleule niliouacha nyuma ya jiko.

Siku ya kutoka, sista alikaa ukingoni mwa kitanda akazungumza nami, na maneno yake nimeyarudia kwa wasichana wengi tangu hapo, wengine bila wao kuniuliza. Alisema damu kidogo baada ya mimba kutoka hutarajiwa, na inapaswa kuwa inapungua. Ikilowesha kitambaa kimoja baada ya kingine, ikitoka na mabonge makubwa, au ikikatika kisha ikarudi kwa nguvu, usingoje kesho. Ukinuka vibaya, ukiona homa na kutetemeka, tumbo likiuma bila kuachia au likawa gumu, kichwa kikawa chepesi unataka kuanguka, njoo. Usikande, usinywe mizizi, usimeze dawa ya malaria ukakaa nyumbani kuona itakuwaje. Hata kama dalili ni moja tu, njoo. "Na ukifika sema ukweli," aliongeza. "Sisi hapa tunaogopa mtu anayenyamaza, basi."

Nilitikisa kichwa kwamba nimeelewa. Nilikuwa naogopa kurudi nyumbani kuliko nilivyoogopa sindano.

Lakini nyumbani hakuna aliyenisema. Watu walikuwa na habari nyingine. Habari ilikuwa kwamba kaka yangu ameonekana Bwera akinywa soda mchana, na hata alipoulizwa hakutoa sababu. Malori yaliacha kusimama kwetu jioni. Kwenye karamu ya Idi mtu mmoja alimuuliza kwa utani kama ataongezewa soda, wengine wakacheka, naye akacheka nao. Wale watu wa Kasese walituma ujumbe kwamba harusi isubiri kidogo, nyumba ambayo mkubwa wake anakula Ramadhani wanaitafakari, na ile kidogo haikuisha. Niliolewa baadaye sana, na mtu mwingine. Kaka hakujitetea hata siku moja. Neno moja tu lingemtoa kwenye aibu ile, na neno hilo lilikuwa langu, na mimi nilikaa jikoni nikimsikia akichekwa nikashindwa kulisema. Tumbo langu lilikuwa limepona, lakini sikuweza kumtazama usoni. Nikimpelekea chai niliweka kikombe nikatoka kinyumenyume.

Nilipopata nguvu nilianza kulipa. Siku zile zote nilizofunga nikitoka damu hazikuhesabiwa, kwa hiyo nilikuwa nadaiwa mwezi mzima, na nililipa kimyakimya, Jumatatu na Alhamisi, bila kumwambia mtu. Wifi alijua, bila shaka. Wifi alijua kila kitu.

Alhamisi moja, jua linakwenda kuzama, alitandika mkeka uani akaweka vikombe viwili vya uji badala ya kimoja. Sikuelewa. Kaka akaja, ametawadha, akaketi upande wa pili wa mkeka. Naye alikuwa amefunga. Tangu siku ya kizuizi hakuwa ametamka neno lolote kuhusu jambo lile, na mimi nilikaa mbele yake nimeinamisha kichwa, nahesabu nyuzi za mkeka.

Adhana ikasikika kutoka msikitini. Nikangoja aanze yeye, kwa kuwa ndiye mkubwa. Alisukuma kikombe cha kwanza mpaka kikagusa goti langu.

"Anza wewe," alisema. "Mimi nalipa moja tu."